Kwa nini wanakataa kuingia? Wapinzani mbele ya serikali ya umoja wa kitaifa



Jumapili ya tarehe 10 Agosti 2025, siku mbili baada ya serikali mpya kutangazwa Kinshasa, mama mmoja wa kwaya alinisimamisha mlangoni pa kanisa hapa Beni. Alikimbia kutoka Goma mwezi wa pili, na tangu hapo analala pamoja na watoto wanne katika chumba cha nyuma kwa mzee mmoja wa kanisa. Akaniuliza: «Baba Mchungaji, nyumba inaungua. Wengine wanaitwa walete maji, nao wanasema hapana, hatuingii. Hao ni watu wa namna gani?»

Sikuwa na jibu ambalo mtu anaweza kulitoa mlangoni huku watu wanapita wakisalimiana. Najua swali lake ni la wengi katika makanisa yetu, ndiyo maana ninaandika. Ninaomba mnivumilie, maana jibu linapita mahali pengi, na njiani halitawapendeza sana wapinzani wala walio madarakani.

Kwanza tukumbuke mambo yalivyokwenda. Goma iliingia mkononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari, Bukavu katikati ya Februari. Tarehe 22 Februari Rais Félix Tshisekedi aliwaambia viongozi wa Union sacrée, ule muungano wake mkubwa, kwamba ataunda serikali ya umoja wa kitaifa. Mwezi wa tatu mshauri wake wa mambo ya usalama, Eberande Kolongele, akaanza kuwapokea wanasiasa na watu wa mashirika ili kusikia maoni yao. Wengi walikwenda. Ensemble pour la République, chama cha Moïse Katumbi, hakikwenda. Martin Fayulu hakwenda, wala Delly Sesanga, wala watu wa Joseph Kabila. Ikapita miezi zaidi ya mitano tangu lile tangazo, na usiku wa tarehe 7 kuamkia 8 Agosti orodha ikasomwa: watu 53, Judith Suminwa akibaki Waziri wa Kwanza. Serikali ya mbele yake ilikuwa na watu 54.

Wako waliotoka upande wa pili na kuingia. Adolphe Muzito, aliyewahi kuwa Waziri wa Kwanza chini ya Kabila na baadaye akawa pamoja na Fayulu katika Lamuka, amepewa Bajeti na cheo cha Naibu Waziri wa Kwanza. Floribert Anzuluni, mgombea urais wa 2023, amepewa ushirikiano wa kanda. Sitaki kuwadharau watu hao. Hoja ya kuingia ni ile ile ya mama wa kwaya: nchi imevamiwa, ugomvi wa nyumbani usubiri. Ni hoja yenye uzito, na mtu anayeishi mashariki hawezi kuicheka.

Lakini je, kuingia serikalini ndiko kuleta maji?

Katika nchi nyingi muungano wa serikali unazaliwa na hesabu. Chama kikubwa hakina wabunge wa kutosha, kinakwenda kubisha mlango kwa jirani. Jirani huyo ana nguvu, maana siku akitoka serikali inaanguka. Kwa hiyo anasema: nitaingia mkifanya hili na lile, na yanaandikwa. Sisi tulikuwa na hali hiyo mwaka 2019. Rais mpya alikuwa na wabunge wachache, na FCC ya Kabila ilikuwa na zaidi ya 300 katika Bunge la viti 500. Serikali ya Sylvestre Ilunga ikawa na watu 65, na 42 kati yao walikuwa wa FCC. Rais alilazimika kuvumilia, hata alipochoka na kuuvunja muungano ule mwezi wa kumi na mbili 2020.

Mwaka 2025 hesabu ni nyingine kabisa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2023, Union sacrée na washirika wake wana zaidi ya viti 400 kwa 500. Hakuna sheria hata moja inayongoja kura za Ensemble ili ipite. Akiingia leo Katumbi, serikali haipati kura inayoihitaji, na akitoka kesho haianguki. Kinachoombwa kwake ni jina lake, ili dunia na wananchi waone kwamba wote wako pamoja. Mgeni ambaye jikoni hawamhitaji hawezi kupanga kitakachopikwa. Atakula alichokuta.

Ona pia viti vilivyobaki na wenyewe. Mambo ya Ndani, Ulinzi, Mambo ya Nje, Fedha, Mawasiliano: watu ni wale wale. Kiti cha Bajeti si kidogo, nakubali. Lakini vita vyetu vinaamuliwa katika ofisi ambazo hazikuguswa, na zaidi ya hapo vinaamuliwa kwa Rais mwenyewe, ambaye ndiye amiri mkuu wa jeshi. Yeyote atakayeingia anabeba lawama ya Goma na Bukavu bila kushika usukani.

Hiyo ni sababu ya kwanza, nayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa. Sababu ya pili ni kwamba Ensemble walishaingia mara moja. Mwaka 2021, serikali ya Sama Lukonde ilipoundwa, Katumbi alikuwa ndani ya Union sacrée na watu wake walipewa wizara: Christophe Lutundula Mambo ya Nje, Christian Mwando Mpango, Chérubin Okende Uchukuzi, Muhindo Nzangi Vyuo Vikuu. Nakumbuka Jumapili ile. Nilisimama madhabahuni nikamshukuru Mungu kwamba sasa viongozi wetu wameketi meza moja. Nilikuwa na furaha ya kweli, na leo ninaona aibu kidogo, maana sikujiuliza meza ile imewekwa juu ya nini. Karibu wakati ule ule Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na sisi wa Beni tunajua jinsi umoja ule ulivyotulinda.

Mwezi wa kumi na mbili 2022 Katumbi alitangaza kwamba atagombea urais, akatoka. Mwando na Okende wakajiuzulu. Lutundula na Nzangi wakabaki katika viti vyao. Hapo chama kilijifunza jambo ambalo vyama vyote vya Kongo vinalijua: ukipeleka watu wanne serikalini, wakati wa kurudi utahesabu wawili. Na mwezi wa saba 2023 Okende, ambaye sasa alikuwa msemaji wa chama, alikutwa amekufa katika gari lake Kinshasa. Upande wa mashtaka ulisema mwaka uliofuata kwamba alijiua. Chama chake hakikukubali. Mimi si hakimu. Nasema tu kwamba chama chenye kidonda kama hicho hakirudi mezani kwa mwaliko wa barua.

Kuna jambo la sheria ambalo waumini wengi hawalijui, nalo linaeleza kwa nini vyama vinapasuka kila serikali inapoundwa. Zamani mbunge aliyekubali kuwa waziri alipoteza kiti chake. Tangu marekebisho ya Katiba ya 2011, kiti kinamngoja. Mbadala wake anakikalia kwa muda, na mara nyingi mbadala huyo ni mtu wa jamaa yake, na siku uwaziri ukiisha mwenyewe anarudi. Kwa hiyo kwa mtu mmoja, kuingia serikalini hakumgharimu kitu. Chama ndicho kinacholipa: sauti yake Bungeni, jina lake mtaani, umoja wake wa ndani. Basi tunaposikia kwamba chama fulani kimekataa, tujue kwamba ndani yake wako watu waliokuwa wamekwisha kushona suti. Kiongozi anayesema hapana anawaambia kwanza watu wake.

Sisi wa kanisa tusijifanye hatuelewi. Tumeona jumuiya iliyokuwa na ugomvi juu ya hesabu za fedha. Yule aliyekuwa akidai hesabu zifunguliwe akapewa kiti cha msaidizi wa kiongozi, tukaomba, tukapiga makofi, na hesabu hazikufunguliwa mpaka leo. Tuliita jambo lile upatanisho.

Sasa twende kwenye historia, maana ina kichekesho chake. Chama kilichofundisha Kongo kukataa ni UDPS yenyewe. Mwaka 2003, baada ya mapatano ya Sun City, nchi ilipopata Rais mmoja na makamu wanne, kiti cha upinzani usio na silaha kilimwendea Arthur Z'Ahidi Ngoma, na UDPS ya mzee Étienne Tshisekedi ikabaki nje. Mwezi wa kumi 2016, mandati ya Kabila ikiwa inakaribia mwisho bila uchaguzi, mazungumzo yalifanyika katika Cité de l'OUA chini ya Edem Kodjo. UDPS na wenzake wa Rassemblement walikataa. Kabila akamchukua Samy Badibanga, mtu aliyetoka UDPS, akamfanya Waziri wa Kwanza. Maaskofu wa CENCO wakaingia kati, ukapatikana mkataba wa tarehe 31 Desemba 2016. Mzee Tshisekedi akafariki Brussels tarehe 1 Februari 2017. Mwezi wa nne Kabila akamteua Bruno Tshibala, naye alitoka UDPS, na Rassemblement ya Félix Tshisekedi ikasema: huyu si wetu, mkataba haukufuatwa, hatuingii.

Maneno yale yale ambayo leo Ikulu inaambiwa na wengine, Rais wa leo aliyasema akiwa upande wa pili wa barabara. Wakati ule hakuna mtu wa UDPS aliyesema kwamba kukataa ni kuisaliti nchi. Ninaliandika hili bila kumdhihaki, kwa sababu lina somo la siasa: alikataa mara mbili, na miaka miwili baadaye akawa Rais. Badibanga alikaa miezi michache. Wanasiasa wote wa Kinshasa wameisoma hesabu hiyo.

Sababu ya tatu ni ya utaratibu, nayo inatugusa sisi moja kwa moja. Tangu Januari 2025 CENCO na kanisa letu, ECC, wanapeleka mbele ule Mkataba wa Kijamii kwa ajili ya amani na kuishi vizuri pamoja katika Kongo na Maziwa Makuu. Ujumbe wao ulimwona Rais, ukamwona Fayulu, ukamwona Katumbi, ukafika hata Goma mwezi wa pili kuonana na Corneille Nangaa. Hilo la Goma liliwakasirisha wengi, hata kati yetu. Wapinzani waliokataa serikali wanasema njia wanayoikubali ni hiyo: tuzungumze kwanza chini ya makanisa, tukubaliane nchi inakwenda wapi, kisha serikali itoke katika mapatano hayo. Ikulu ilianza na viti.

Watu wanaweza kudhani ni ubishi wa maneno. Si hivyo. Serikali ikitangulia, anayeingia amekwisha kuwa mtumishi wa Rais, na Rais anaweza kumwondoa kesho asubuhi. Akikaa kwenye mazungumzo ataongea kama mtumishi. Mazungumzo yakitangulia, anaingia akiwa na karatasi mkononi. Fayulu alionyesha tofauti hiyo vizuri. Tarehe 5 Juni alikwenda kuonana na Rais uso kwa uso, akatoka akiwa bado anadai mazungumzo. Wafuasi wake wengine walinung'unika kwamba ameuza, lakini orodha ya Agosti ilipotoka jina lake halikuwamo. Kwa hiyo inawezekana kuongea na mkubwa wa nchi bila kuwa waziri wake. Watu wa Beni tuna sababu ya kuelewa kwa nini Fayulu ni mgumu: Desemba 2018, kura ya urais ilipoondolewa Beni, Butembo na Yumbi, vijana wetu walipanga mistari wenyewe wakapiga kura ya mfano. Tunajua mtu anavyojisikia kura yake isipohesabiwa.

Na ya nne ni Katiba. Mwezi wa kumi 2024, Rais akiwa Kisangani, alisema ataunda tume ya kufikiri juu ya Katiba mpya. Kifungu cha 220 kinakataza kugusa idadi na urefu wa mandati za Rais, na mandati yake ya pili inaisha Januari 2029. Wapinzani wanaogopa kwamba serikali ya umoja ni mlango: leo tunaungana kwa ajili ya mashariki, kesho tunaambiwa serikali nzima, pamoja na ninyi, inaunga mkono Katiba mpya. Waziri anayepinga mpango wa serikali yake anatakiwa kunyamaza au kuondoka. Ukiwa nje huhitaji kuchagua.

Hizo ni sababu zao kwa upande mzuri. Ziko nyingine ambazo hazisemwi kwenye mikutano ya waandishi wa habari. Mwaka 2028 hauko mbali, na mtu anayetaka urais hapendi kusimama kwenye picha ya serikali iliyopoteza miji. Tena ni rahisi kukataa kiti ukiwa na mali yako, au ukiwa ng'ambo, ambako hakuna risasi wala foleni ya unga. Kuna na tabia ya kukataa kila kitu. Mwaka 2024 wapinzani waliambiwa wamchague msemaji wa upinzani, cheo ambacho sheria ya 2007 inakitambua. Katumbi na Fayulu hawakukitaka, wakisema kukikubali ni kuukubali uchaguzi wa 2023. Aliyekililia alikuwa Constant Mutamba, na miezi michache baadaye alikuwa Waziri wa Sheria! Tulicheka. Lakini kiti cha msemaji kikabaki kitupu, na mahali ambapo upinzani ungesimama na kuuliza kwa jina la sheria hapakuwa na mtu.

Hapa nakumbuka mfano wa Yothamu katika Waamuzi 9. Miti ilitafuta mfalme; mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, kila mmoja kwa sababu nzuri. Wa mwisho kukubali ulikuwa mti wa miiba, na moto ukatoka kwake. Tukifundishwa chuoni, tulizoea kuusoma mfano ule kama hukumu juu ya miiba. Siku hizi ninawaza zaidi ile mitatu ya kwanza. Haikudanganya. Kweli ilikuwa na mafuta na matunda ya kutunza. Lakini baada ya kusema hapana, mfano hautuambii ilifanya nini tena.

Ndilo swali ninalotaka makanisa yetu yawaulize waliokataa. Kukataa peke yake hakumlishi mtu. Katiba, kifungu cha 8, inatambua upinzani wa kisiasa na kusema haki zake ni takatifu. Upinzani ni kazi kama uwaziri ulivyo kazi. Mbunge aliye nje ya serikali anaweza kuuliza maswali, kumwita waziri ajieleze, kuomba tume ya uchunguzi. Kwa kumwangusha waziri mmoja, hoja inahitaji saini za wabunge 50. Kwa serikali nzima, 125. Waliokataa hawana idadi hiyo, ni kweli. Lakini swali moja linahitaji mbunge mmoja. Fedha za vita zimekwenda wapi? Mshahara wa askari unafika? Uwanja wa ndege wa Goma na mabenki yaliyofungwa, serikali imesema nini mezani huko nje kwa ajili yao? Chama kinachouliza hayo kila wiki kimeleta ndoo yake, hata kama hakiko serikalini. Chama kinachokaa kimya mpaka 2028, kisha kikaja kutuambia kwamba hakikushiriki, kitakuwa kimejilinda chenyewe.

Na waliopewa viti tuwapime vivyo hivyo. Muzito ana nafasi karibu sana. Kikao cha Bunge cha Septemba kinafunguliwa tarehe 15, na Katiba inataka mswada wa bajeti ya mwaka unaofuata uwe umefika hapo. Atakayeutetea ni yeye. Tutaona kama kuna mstari wa waliohamishwa, na ni wa kiasi gani, na kama ni fedha zitakazotoka kweli au ni tarakimu za kupamba karatasi. Tutaona pia ni mbunge gani wa upinzani atakayesimama kuuliza juu ya mstari huo.

Nilimweleza mama wa kwaya sehemu ya haya Jumapili iliyofuata, kwa kifupi, tukiwa tumekaa kwenye benchi baada ya mazoezi. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema ameelewa kwamba kiti si ndoo. Kisha akauliza hiyo bajeti inasomwa lini, na kama redio yetu ya hapa itaitangaza kwa Kiswahili. Nimeahidi kumtafutia.